Nani Amemnyoa Paka?

Jumatatu, 3 Machi

Sielewi. Naandika labda nitaelewa, lakini wapi.

Mwezi uliopita daktari wa mifugo alisema paka wangu Bosi ana tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Ndiyo maana alikuwa anakula bakuli zima na bado mbavu zinahesabika. Akaandika vidonge, nusu asubuhi, nusu jioni. Haya, nimempa. Kummezesha paka kidonge ni vita! Mikono imejaa mikwaruzo, wateja wanauliza kama siku hizi nashona miiba.

Leo damu imepimwa tena. Tezi sasa iko chini. Chini kabisa! Daktari kavua miwani, kavaa, kasoma karatasi upya. Ati, mama, una uhakika humpi mara mbili? Nikamwambia mimi ni fundi cherehani, nusu naijua kwa jicho. Hakucheka. Tupunguze iwe robo, kasema, kisha tupime tena.

Baba Watoto anasema labda mashine ya maabara ndiyo inaumwa. Yeye kila kitu mzaha. Kwangu huyu paka si mzaha hata kidogo. Alikuwa wa mama. Mama anakata roho, yeye amejikunja miguuni pake. Sina kingine cha mama kinachopumua.

Jumanne, 11 Machi

Wiki nzima robo, robo. Bosi ndiyo kwanza kazidiwa! Amepoa, masikio ya baridi, kutwa kalala. Juzi katapikia gauni la harusi la mtu — loo! Nimelifua na kulipiga pasi kabla mwenyewe hajajua, na Mungu anisitiri. Halafu jioni anajikokota, anatoka, anarudi asubuhi kama mlinzi aliyemaliza zamu.

Majibu ya leo: tezi imeshuka tena. Na figo zimeanza kulalamika — maneno ya daktari hayo. Sasa hii ni hesabu gani? Napunguza dawa, dawa inazidi nguvu? Ni sawa na kupunguza chumvi halafu mchuzi uzidi kukolea. Haiingii akilini.

Daktari mwenyewe kashika kiuno. Niache vidonge kabisa. Alhamisi nimlete apigwe ultrasaundi ya tumbo, na usiku wa kuamkia siku hiyo nimfungie ndani, asile.

Alhamisi, 13 Machi

Makubwa!

Chumba cha kipimo ni kidogo, pazia limevutwa, giza giza. Msaidizi kamlaza Bosi chali kwenye kigodoro chenye bonde katikati. Kawasha mashine ya kunyolea, kainama, kaizima. "Daktari, huyu kashanyolewa."

Kashanyolewa! Tumbo zima, safi, pembe nne, kama kitambaa nilichokata mwenyewe. Na mguu wa mbele una kipara, tena si ule waliotoa damu hapa. Daktari kaniangalia mimi. Mimi nikamwangalia Bosi. Bosi kaangalia ukuta.

Umempeleka kliniki nyingine, mama? Sijampeleka! Nikaapa. Naona hakuniamini, uso ukanichemka. Nani huyo anayekamata paka wa watu na kumnyoa tumbo? Nikafikiria wezi. Lakini wezi gani, wanaiba manyoya?

Basi wakapaka jeli. Mimi kwenye skrini naona mvua tu, daktari anaona ini, anaona kibofu. Halafu mkono wake ukasimama. Ukarudi pale pale, ukabonyeza. Kuna uvimbe kwenye utumbo, mdogo kama punje ya haragwe. Unaweza kuwa uzee tu, unaweza kuwa kitu kibaya. Picha peke yake haisemi.

Nyumbani Baba Watoto kasema labda Bosi kaoa mke wa pili, huko ndiko anakonyolewa. Nikamtupia jicho, akaenda zake kuoga. Nimejifungia nikalia. Sijui nalia uvimbe au nalia kipara.

Jumamosi, 15 Machi

Daktari kapiga simu. Kaulizia kwa mwenzake wa kliniki ya upande wa pili. Wanaye paka wa rangi hii hii, soksi nyeupe mguu mmoja, jino la mbele limevunjika. Kwao anaitwa Bwana Mdogo. Walimnyoa Jumatano asubuhi. Anayempeleka ni mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, anaishi nyuma ya kwako.

Nilikaa chini. Sindano bado iko mdomoni.

Dada!

Dada yangu wa tumbo moja. Ukuta wangu wa nyuma ndio ukuta wake wa nyuma, na hatusemezani tangu mama afariki. Dada alitaka mama apimwe, apimwe tena, picha za kichwa, picha za kifua, hospitali moja hadi nyingine. Mimi nikasema mama kachoka, arudi akalale kwenye kitanda chake. Akarudi. Akafa. Na Dada akaniambia mbele ya watu, "Umemuua kwa kutotaka kujua."

Na paka muda wote anaruka ukuta. Asubuhi kwangu, jioni kwake. Dada kamwona amekonda, kampeleka kupimwa, na kule nako wamemkuta na tezi hiyo hiyo. Kidonge kizima kila jioni! Mimi napunguza, yeye anajaza. Tumemlisha sumu sisi wawili, kwa mapenzi.

Nimekasirika. Angeniambia! Halafu najiuliza, angeniambia kwa mdomo upi? Na mimi je, ningemwambia? Nimecheka peke yangu mpaka Baba Watoto kaja kuchungulia. Nilipomweleza naye kakosa mzaha.

Daktari anatutaka wote wawili, Jumatatu.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika hapa hapa kliniki, kwenye benchi. Nisipoandika nitapasuka.

Nilimkuta Dada keshafika. Amezeeka. Mkoba magotini, macho kwenye bango la minyoo. Mimi mdogo ndiye niliyepaswa kuanza salamu. Nikakohoa. Naye akakohoa.

Kwanza eksirei ya kifua. Kumlaza kwa dawa ya usingizi ni hatari na figo hizi, kwa hiyo ashikwe na watu anaowajua. Wakatuvika aproni nzito za madini ya risasi, za kukinga miale. Dada miguu ya mbele, mimi ya nyuma. "Msivutane," daktari akatuonya. Bosi wala hakupigana. Mikono yetu ilikuwa karibu. Nikaona mikwaruzo yake, sawasawa na yangu.

Kifua kizuri. Kisha daktari kaweka picha mbili za tumbo pamoja, ya kliniki ya Dada ya Jumatano na ya hapa ya Alhamisi. Haragwe ni lile lile. Kumbe Dada alishaambiwa! Kabeba habari hiyo peke yake siku zote hizi, nyuma ya ukuta.

Daktari kasema tezi isitutishe, itatulia, ila dawa itoke nyumba moja tu. Swali ni uvimbe. Njia mbili. Achomwe sindano, kichukuliwe kipande kidogo kipimwe, tujue. Lakini lazima alazwe usingizi, na anaweza asiamke. Au arudi nyumbani, ale anachopenda, tungoje. "Wenyewe ni nyie. Semeni."

Tukasema pamoja.

"Apimwe," nimesema mimi.

"Arudi nyumbani akalale," kasema Dada.

Daktari katuangalia kwa zamu, hajui kilichotupata. Nilidhani nimesikia vibaya. Na mimi mwenyewe, nimesema nini? Mimi! Mimi niliyemkatalia mama kipimo cha mwisho! Lakini sijawahi kulala vizuri tangu wakati ule. Kila nikifumba macho nauliza, ilikuwa nini? Sikujua. Sitaki kutojua tena, nimechoka kutojua.

Dada akasema, kwa sauti ndogo, hamwangalii mtu, "Mimi nimechoka na mapicha. Alikuwa anaogopa zile mashine, nikawa namlazimisha."

Hakuwa anamzungumzia paka.

Daktari katoka, kasema tuzungumze. Dada kampakata Bosi kwenye kanga yake, anamsugua chini ya kidevu, pale pale mama alipokuwa anamsugua. Mimi naandika. Nataka kumwambia arudi nyumbani, sawa, umeshinda. Halafu namwona paka, naogopa, nataka apimwe. Halafu nageuka tena. Kichwa kinazunguka kama gurudumu la cherehani.

Msaidizi kafungua mlango. Aandae dawa ya usingizi, au alete kikapu cha kumrudisha nyumbani?

Dada kaninyanyulia macho, mara ya kwanza leo.

"Sema wewe, mdogo wangu."

Mimi! Baada ya yote yale, ananiachia mimi niseme. Kanisogezea paka mapajani, mzito, anakoroma. Msaidizi bado kasimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, anangoja.