Mgongo wa Yasini

Baba,

Shikamoo. Kaburi lako liko nyuma tu ya msikiti na ningeweza kufika leo, lakini ningeinuaje uso? Bora nikuandikie.

Yasini wanataka kumrudisha kwao. Yule yule uliyemkuta Kerege akitengeneza feni za watu chini ya turubai, ukamleta nyumbani na kutuambia, "Huyu mwanangu wa pili, msinihoji." Serikali ya kwao inamtaka kwa kesi ya maandamano, na wenzake waliorudishwa kabla yake wamenyongwa. Wakili wake aliiomba mahakama isimtoe. Hakimu akataka ushahidi kwamba kule aliwahi kuteswa.

Yasini alikataa kuvua shati mbele za watu. Unazijua haya zake, hata kisimani alioga na fulana. Wakili akaniita mimi.

Maana mimi niliuona mgongo wake, Baba, siku ile tulipokuosha. Uliusia tukuoshe mimi na yeye, wajomba wakanuna. Alivua shati lisilowe, akainama kukumiminia maji, nami nikaona makovu kutoka mabegani mpaka kiunoni. Ndipo nikaelewa ile chupa ya mafuta ya nazi uliyokuwa ukiingia nayo chumbani kwake. Alikugeuza polepole, kama mtu anayeogopa kukuamsha. Kabla hatujatoka, Maalim, aliyekuwa akituelekeza kutoka nje ya pazia, akatukumbusha kwamba tuliyoyaona mle tuyaache mle mle.

Basi mahakamani nikaulizwa niliona nini mwilini mwa Yasini. Nikajibu, "Nilikuwa naosha maiti. Ya humo hayasemwi." Wazee waliokaa nyuma wakatikisa vichwa kunikubali, na mimi, mjinga, nikajiona mtu wa dini. Yasini alikuwa anatazama sakafu.

Maalim ndiye aliyeniumbua. Alinishika mkono pale nje, akasema, "Sitara ile ni ya maiti, mwanangu. Yasini ni maiti?" Kusema kweli nilijua tangu mwanzo. Niliwaogopa wale wakubwa wa serikali waliokaa mstari wa mbele wakiandika majina, nikajificha nyuma ya sanda yako. Naona aibu, Baba.

Hakimu amekubali arudishwe. Nilimpelekea wali gerezani, nikitaraji anitukane, angalau. Akanishukuru, akauliza kama kaburi lako limepaliliwa. Habari ya mahakama hakuigusa.

Wakili amekata rufaa na ameomba nisikilizwe tena. Mama ananisihi ninyamaze, anasema tutapata matatizo. Huenda tukayapata. Nitasimama, nitaeleza kovu moja moja, na nikiulizwa niliyaona wapi, nitasema tulikuwa tunamwosha baba yetu.

Lala salama. Yako nimeyasitiri na nitayasitiri mpaka na mimi nioshwe. Ya Yasini nitayasema. Kaburini kwako sitakanyaga mpaka niwe nimeyasema.

Mwanao,
Hamadi