Vilele Visivyo na Utamu

Jumamosi, 22 Juni

Sherehe ya Mtakatifu Yohane, uwanja wa kanisa. Mahindi ya kuchemsha, kuni zinawaka, baridi ya Piracicaba, hapa Brazili, inapenya mifupani. Jurema, mke wa Genival msimamizi wa shamba letu la majaribio, kanipa glasi ya juisi ya miwa. Nimeshakunywa nusu ndipo nikauliza miwa imetoka wapi.

Mwenye gari la miwa hakuja, akasema. Kachukua ufunguo wa mumewe, kakata shambani kwetu. "Si mwisho wa msimu huwa mnaichoma yote? Dhambi hiyo, Profesa."

Glasi ikawa nzito. Miwa yetu tumeibadilisha vinasaba. Haijathibitishwa kuwa salama kuliwa, na haitakiwi kutoka nje ya ua. Kama ndiyo hii, kibali chetu cha utafiti kinafutwa, shamba linateketezwa — na umri wangu hauruhusu kuanza upya.

Nikamwambia azime mashine ya kukamulia. Foleni ikanung'unika.

Kisha nikakumbuka vilele vya miwa hiyo, vilivyotupwa nyuma ya kibanda chake cha juisi. Muwa wa kawaida hujaa sukari kuanzia chini. Mwezi huu kilele bado ni majimaji, kwa kuwa pingili changa hutumia sukari kukua. Sisi tumedhoofisha kimeng'enya kimoja kinachoivunjavunja, ili hata pingili changa ziweke akiba. Kilele chetu kina sukari. Hakiwezi kuificha.

Kipima sukari ya miwa hukaa mkobani mwangu pamoja na rozari. Genival akakamua tone. Hafifu. Kingine — hafifu. Vyote. Basi si ile tuliyoibadilisha.

Akakaa juu ya kreti. "Profesa, roho ilishataka kunitoka."

"Kumbe mnafurahi nimewanywesha watu miwa mibovu?" Jurema akauliza.

Jumapili, 23 Juni

Tumekagua visiki. Vyote viko mistari ya nje, muwa wa kawaida tuliopanda kama ngao. Jurema alikata palipo karibu na lango. Mungu ambariki kwa uvivu huo. Nimekula sahani mbili, nikalala mchana kutwa.

Jioni Genival kaja. Hakuna aliyedhurika, anasema, basi tufunike kombe. Nikamweleza, polepole kama darasani: kibali kinataja kila kilichomo ndani ya ua, ngao pia. Tukificha dogo hili, nani atatuamini siku tutakaposema sukari imeongezeka?

"Na kazi yangu, mama?"

Nikamwambia tu kwamba shamba liko chini yangu, na hivyo ndivyo nitakavyowaambia waliotupa kibali.

Jumatatu, 24 Juni

Nimelala vizuri, ajabu. Ufunguo sasa uko shingoni mwangu.

Nimepiga simu ofisi ya vibali; naandika huku inaita. Jurema kaleta kahawa, chungu — ameapa kutogusa tena chochote chenye sukari mbele yangu. Nimecheka. Genival yuko dirishani, anatazama miwa. Bado imesimama yote.

Wamepokea. Mama mmoja anauliza jina langu, na kuna tatizo gani. Genival amevua kofia —