Bunduki Nyepesi ya Mama

Haslbach, 9 Novemba 2003

Mwanangu Afra,

Mungu akusalimu huko Bremen. U hali gani? Unakula? Mimi mzima, ila bega hili lililopasuliwa linalalamika kuliko wifi.

Jana kwenye klabu yetu ya kulenga shabaha nilishindwa kuinua bunduki ya upepo ya marehemu baba yako. Ilifika kifuani, ikagoma. Xaver, mwenyekiti wetu, akasema mbele ya watu: "Walburga, tukuletee kiti na egemeo kama wazee wenzako?" Nikamjibu, "Kiti kalia wewe na tumbo lako." Wakacheka, lakini niliumia. Siku ya Mamajusi, tarehe sita Januari, tunashindana kumpata mfalme wa walengaji wa mwaka. Nitalenga nimesimama, au silengi kabisa.

Mama yako

Bremen, 17 Novemba

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, na kula nakula. Pole na bega.

Nunua bunduki nyepesi, Mama. Lakini usiamini mizani peke yake. Nyingine uzito wote umekaa mbele ya mtutu, bega litalia vilevile. Nenda dukani na koti lako la kulengea. Inua, fumba macho, vuta pumzi taratibu, kisha fumbua. Ikiwa bado imetulia ulipoielekeza, ndiyo yako. Kitako kiwe kifupi, maana mikono yako mifupi. Nguvu nyingi za nini? Unatoboa karatasi ukumbini, huwindi nguruwe. Ila nyepesi hutikisika upesi, kwa hiyo fanya mazoezi.

Mwanao

Haslbach, 14 Desemba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimeinunua, nyekundu! Inanikaa kama tuliumbwa pamoja. Lakini Xaver alipoiona akaniuliza kama nimepewa zawadi ya kipaimara kama mtoto. Basi nimeifungia vipande vya chuma chini ya mtutu, sasa ina uzito sawa na ya baba yako. Hakuna anayecheka tena. Bega tu ndilo halilali.

Mama yako

Bremen, 19 Desemba

Mama!

Shikamoo, lakini leo nakugombeza. Umenunua farasi, kisha umembeba mgongoni! Baba alikuwa na mabega ya kubeba ndama. Wewe ulikuwa ukimshinda kwa jicho, naye akinuna mpaka supu inapoa. Fungua hivyo vyuma.

Mwanao

Haslbach, 20 Januari 2004

Afra wangu,

Mungu akusalimu, na unisamehe kimya. Nyumba haikauki wageni.

Nilivifungua siku ileile, nikinung'unika. Nikawa nalenga kitasa cha mlango wa jikoni kila siku mpaka paka akahamia kwa jirani. Siku ya Mamajusi niliinua, nikasimama imara.

Xaver alikuwa wa pili, akavishwa mnyororo wa soseji kama ilivyo desturi. Mbwa wa klabu hakumwacha mpaka nyumbani.

Na ule mnyororo wa fedha wa mfalme, wenye sarafu za wafalme wote wa klabu waliopita, ya baba yako ikiwemo, uko shingoni mwangu ninapokuandikia. Ni mzito kuliko bunduki yangu, tena umelalia bega bovu. Xaver aliuliza, "Utauweza huo, Walburga?"

Nikamwambia huu naubeba.

Mama yako, malkia wa Haslbach