Dirisha Lenye Blanketi

Baba Tumaini wangu,

Ugonile. Nakusalimu kwa salamu ya kwetu kwa sababu hapa Guangzhou sina wa kunisalimia hivyo. Wenzangu wengi ni watu wa Kariakoo na Wazanzibari, wananiita Mama Mbeya. Wachina wenye maduka wananiita laoban, maana yake bosi. Ndiyo, mkeo anaitwa bosi, mimi huyu niliyeishia darasa la saba na dada zako wakanicheka kwamba kalamu naishika kama mwiko. Waambie, kama kuna aliyekwisha kufika huko uliko.

Nakuandikia nikiwa kitandani, na ni mchana. Soko la nguo la Shahe linaamka kabla ya jua, na ikifika saa sita mchana wenye maduka wanafunga wanakwenda zao. Mimi ndiye ninayewazungusha wateja kutoka nyumbani, nawachagulia mzigo, nawabishania bei, nasimamia ufungaji mpaka mzigo upande gari. Kwa hiyo sasa nalala mchana kama ulivyokuwa unalala wewe. Dirishani nimetundika blanketi lako la mgodini, lile la kijivu lenye mstari mwekundu. Jua halipiti kabisa. Kinachopita ni kelele. Chini hapa wanafunga mizigo kutwa, selotepu inalia kama kitambaa kinachochanwa, mikokoteni inagongana, mtu na mtu wanatukanana kwa ajili ya njia. Hakuna hata mmoja anayefikiri kwamba juu yake kuna mtu amelala. Nimechoka, Baba Tumaini. Usingizi wa siku moja hautoshi kuuondoa uchovu huu.

Unazikumbuka kota zetu za mgodini? Ulikuwa unarudi asubuhi, weusi wa makaa ya mawe umekujaa mpaka masikioni, meno tu ndiyo yanaonekana. Ukishaoga na kula, mimi natundika blanketi dirishani, natoa watoto nje, nakaa mlangoni na kidole mdomoni. Mtaa mzima ulikuwa unajua. Yule mama wa dagaa, mwenye sauti ya kuamsha kijiji, akiliona blanketi anashusha sauti ananong'ona, "Dagaa, jamani, dagaa," kama anauza siri. Nami nikiona blanketi kwa jirani nafanya vivyo hivyo. Tumaini alijifunza kunyata kabla hajajua kukimbia. Ukiamka jioni unajinyoosha, unauliza, "Mbona kimya, watoto umewauza?" Nami nakujibu, "Hawakupata mnunuzi, wanafanana na wewe."

Basi huyo aliyekosa mnunuzi sasa yuko Uingereza. Nilishakuambia, lakini nitarudia, maana silichoki jambo hili. Ni mkuu wa maabara katika hospitali ya jiji kubwa. Wazungu wakitolewa damu, mwanao ndiye anayeisoma na kuwaambia madaktari kilichomo. Nimewaambia wateja wangu wote. Hata muuza tambi wa pale chini nimemwambia, kwa Kichina changu kibovu, naye sasa akiniona tu anaonyesha mshipa wa mkono wake na kucheka.

Ila haishi jijini. Nyumba za jijini haziwezekani. Anaishi mji mdogo wa pembeni, na mji huo, Baba Tumaini, ulikuwa wa mgodi wa makaa ya mawe. Niliukuta mwanzo wa mwaka huu nilipokwenda kumwona. Ukiingia tu unapokelewa na gurudumu la mgodini, lile la kushushia na kupandishia watu, limekatwa nusu na kuzikwa kwenye saruji, limezungushiwa maua. Mlima wa mabaki ya mgodi umeota majani, watu wanatembeza mbwa juu yake. Tumaini akanipitisha kwenye nyumba za matofali mekundu zilizoshikana ukuta kwa ukuta, mlango mmoja kama mwingine. Nikamwambia, "Mwanangu, hizi ni kota." Akacheka. "Mama, hizi sasa zinagombewa." Mbele yake wamejenga nyumba mpya nyingi, na ujenzi unaendelea.

Lakini mji ule mchana hauna mtu. Asubuhi wote wanakimbilia stesheni, Tumaini na mumewe wakiwamo, treni inawabeba kwenda jijini na kuwarudisha jioni wakiwa hoi. Nilibaki mimi na mjukuu wako Tusekile, tunamwita Tusa, ana sauti ya kwenu. Nilizoea Guangzhou, ambako huwezi kunyoosha mkono bila kumgusa mtu. Kule nilitembea barabara nzima nikiwa na paka tu.

Siku ya kwanza ile nikaona dirisha. Nyumba ya tatu kutoka ya Tumaini, ghorofani, blanketi zito limetundikwa mchana kweupe. Nikamshika Tusa mkono, nikamwekea kidole mdomoni, tukapita tunanyata. Kesho yake hivyo hivyo. Tumaini akashangaa kumwona mwanawe ananyata. "Mama, mmeanza mchezo gani?" Nikamwambia kuna mtu wa shifti amelala pale juu. Akasema, "Pale anakaa bibi mmoja peke yake. Nadhani hayuko sawa sana." Nikamwambia, wewe soma damu, mambo ya madirisha niachie mimi.

Tuliendelea kupita tukinyata karibu juma zima. Siku moja mlango ukafunguliwa, akatoka bibi mwembamba, nywele nyeupe, amevaa sweta la kiume. Anaitwa Doreen. Akaniita mpenzi, kama wanavyomwita kila mtu kule, hata mleta barua.

"Mpenzi, huyu mtoto anaumwa koo?"

"Hapana," nikamwambia. "Tunapita kimya. Mumeo amelala."

Akashika geti. "Nani kakwambia mume wangu amelala?"

"Blanketi," nikasema. "Wangu naye alikuwa wa makaa ya mawe."

Kiingereza changu ni cha bei na rangi na saizi, lakini siku ile kilitosha. Alinitazama mpaka nikaogopa nimekosea. Nilikuwa nimekosea kweli. Mumewe, Ken, alikufa miaka mingi iliyopita, kifua, kama wewe.

"Siku ya mazishi nililitoa," akaniambia. "Jua likaingia mpaka kwenye mto wake. Nikalirudisha kabla chai yangu haijapoa." Halafu akacheka kidogo. "Vijana wa jirani wameniletea mapazia mara mbili. Wanadhani sina."

Akatuingiza ndani, akatupa chai yenye maziwa kidogo kama dawa ya kupimiwa na daktari. Akanieleza mji wao. Zamani mgodi ulikuwa haulali, kwa hiyo kila mtaa mchana una mtu anayelala, na wanawake wote walikuwa walinzi wa usingizi. Mgodi ukafungwa. Wanaume wakasimama barabarani mchana, hawana shifti, hawana usingizi. Maduka yakapigiliwa mbao, vijana wakaondoka. Mji ukakaa hivyo muda mrefu, kila mtu anasema umekwisha. Ndipo treni ikarudishwa, watu waliokosa nyumba jijini wakaanza kuja, mmoja mmoja, halafu kwa wingi. Ukumbi wa wachimbaji sasa ni shule ya watoto wadogo, ndiyo atakayosoma Tusa akikua kidogo.

"Ni watu wazuri," akasema. "Wamerudisha taa madirishani. Ila tangu Ken aende, hakuna aliyewahi kumnyamazisha mtoto kwenye mtaa huu. Nilikuwa nasimama nyuma ya mlango nikiwasikia mnapita. Kila mchana nilikuwa nangoja saa yenu ya kupita."

Akaniambia sasa mwache mtoto apige kelele. Nikamjibu sitaweza, miguu imeshazoea. Tangu hapo kila mchana tulikuwa kwake, mpaka nikaondoka.

Sasa nisikilize, maana ndilo lililonifanya niandike. Makaratasi yangu ya kuishi Uingereza yametoka. Tumaini anataka niache soko, nihamie kwake moja kwa moja. "Mama, umetubeba vya kutosha. Niambie ndiyo au hapana." Nami tangu wiki iliyopita namzungusha, mara simu haina chaji, mara nina wateja. Unajua kwa nini. Siku tulipokuzika nilikwambia mbele ya watu kwamba nikimaliza kusomesha nitarudi, na nitalala kando yako. Mdogo wako Ambakisye ameiacha nafasi ile, anaipalilia. Kila nikimpigia ananiambia, "Shemeji, pako pasafi." Maneno gani hayo ya kumwambia mtu aliye hai.

Nilipita kota zetu safari ya mwisho nilipokuja nyumbani. Kwao akina Doreen mgodi ulikufa, ikaja treni. Kwetu mgodi ulisimama, na kota zikasimama nao, mabati yameng'olewa, kwenye chumba chetu pameota mpera. Nilikaa kizingitini pale pale nilipokuwa nakulinda. Hapakuwa na mtu wa kumnyamazisha wala wa kumlinda.

Maisha yangu yote nimelinda usingizi wa watu. Wako, wa watoto, na huku nawaacha wateja walale hotelini wakati mimi nawahi mzigo. Jana mchana, selotepu inalia pale chini, nikajiuliza ni nani amewahi kukaa mlangoni kwa ajili yangu. Nilikupata wewe tu, ile Jumapili nilipokuwa na homa, ukamfukuza mama wa dagaa kwa ishara za mikono kama askari wa barabarani, akaanguka na beseni lake kwa kucheka. Nilikuwa nimeamka. Nilijifanya nimelala ili usiondoke mlangoni.

Nimeamua kwenda. Usinune. Ambakisye aendelee kupalilia, sijasema siji. Nasema nataka kwanza nilale nikiwa hai.

Leo asubuhi nikiwa sokoni nikampigia Tumaini, nikamwambia ndiyo. Akalia, mkuu mzima wa maabara. Halafu akaniambia Bibi Doreen huwa anamuuliza habari zangu kila jioni anaposhuka kwenye treni, na amekwisha kuwaonya watoto wote wa mtaa kwamba atakuja mama mmoja kutoka China, mtu wa shifti, na atakayepiga kelele mchana atamjua yeye ni nani.

"Mama, chumba chako kinatazama barabarani," Tumaini akasema. "Nikununulie pazia zito?"

Nikamwambia asinunue kitu. Blanketi nakuja nalo.

Ni mimi mlinzi wako wa mlangoni,
Mama Tumaini