Riba ya Bi Zuhura

Jumanne, baada ya Isha

Bado inaniuma. Bi Zuhura, jirani yangu anayeuza samaki Kunduchi, kapunguziwa riba ya kadi ya mkopo. Na benki yake ndiyo yangu.

"Ulifanyaje?" nilimuuliza leo kibarazani kwake.

"Nikawaambia punguzeni, ama deni nalihamishia benki nyingine. Wakaanza, 'Mama, haiwezekani.' Mie huyo, nikabeba mkoba. Sijafika mlangoni wakaniita!" Akacheka. "Kwani wewe, Mwalimu, hujawahi kuomba?"

Sijawahi. Miaka thelathini nimefundisha hesabu za riba, nikiiandika ubaoni kama kitu kisichoguswa. Kila mwezi nalipa kile kiwango cha chini cha kadi yangu, kwa wakati, nikijiona mteja mwema. Karibu chote kinamezwa na riba, deni lenyewe liko palepale. Mtoto wa darasa la saba ningemweleza hilo bila chaki.

Nilimpongeza, kisha nikakataa chai yake. Wivu mtupu, kwa umri wangu huu.

Tena kajitolea kunipeleka benki kesho. "Wewe ukae kimya tu, Mwalimu. Niachie mie."

Nimekubali. Pensheni yangu haiwezi kungoja hadi wivu uniishe.