Mkono Wenye Isale

Rotterdam

Kaka Elirehema,

Shikamoo. Ipokee hiyo shikamoo, maana wewe ni mkubwa wangu na ndivyo Mama alivyotulea, lakini nakuambia mapema kwamba ndicho kitu laini pekee utakachokipata humu. Mama Neema hajambo? Mvua zimefika huko Mwika, au migomba bado imenyong'onyea? Na nyonga ya Mama je? Yeye kila nikipiga simu anasema anaendelea vizuri, na wote tunajua kwamba hata kwenda jikoni anatembea ameshika ukuta.

Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno. Kazini bado nahariri video za nyumba zinazouzwa: sebule tupu, jiko tupu, bafu tupu, kutwa nzima simwoni mtu hata mmoja kwenye kioo. Ndiyo maana flashi yako ya harusi ya Neema ilipofika niliifungua kwa furaha saa ya chakula, mkate ukiwa bado mkononi. Bosi alipita akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia natengeneza DVD. Akacheka mpaka akashika meza: nani bado anaangalia DVD dunia hii? Nikamjibu: ni mama yangu, aliyevunjika nyonga na asiweze kushuka Moshi kwenye harusi ya mjukuu wake wa kwanza; yeye ana TV ya chogo na deki, na hataki kuangalia harusi kwenye kisimu cha mtu. Akaacha kucheka. Hasira yangu siku ile ilikuwa ndogo, ya huyo bosi tu. Kubwa ulikuwa bado hujanipa.

Uliniambia nirekebishe sauti, kwamba kwenye ile DVD aliyotengeneza mpiga video wa Moshi kwaya inaimba kabla midomo haijafunguka. Sawa, hilo ni kosa la kawaida. Kamera yake ya kukodi, simu ya Shangazi Ndeshi na kamera kuukuu ya wakwe zako zinapiga kila moja kwa mwendo wake. Ukizichanganya bila kuzilinganisha, sauti inakimbia, na mtu akipunga mkono picha inatoa meno kama kitana. Nilizilinganisha zote. Kazi ya siku kadhaa, na sikulalamika.

Lakini Mama alinipigia kabla sijamaliza. Alikuwa ameshaiangalia ile DVD ya kwanza, yenye sauti mbovu.

"Mwanangu," akasema, "pale wanapokata ndafu, pembeni kuna mkono umeshika isale. Ule mkono ni wa nani?"

Nikamwambia sijui, nitaangalia.

"Nimemwuliza kaka yako. Ananiambia ni mapambo ya ukumbi. Mimi nimezeeka, sijawa mjinga. Nani anapamba ukumbi kwa isale?"

Kaka, nani anapamba ukumbi kwa isale? Ungesema ni mgeni amebeba mboga ungekuwa na akili zaidi! Jani ambalo kwetu mtu halibebi mpaka awe ameshindwa na moyo wake mwenyewe, anakuja nalo kuomba msamaha, na anayeletewa hana ruhusa ya kulikataa hata kama ameumizwa vipi. Na wewe unamwambia mwanamke aliyezaliwa na kuzeekea Mwika kwamba ni mapambo.

Nikafungua picha nzima, ile pana, kabla haijaguswa. Huo mkono ni wa Godlisten.

Mdogo wetu, ambaye ulimwambia Mama hakukanyaga harusini. Amesimama kulia kabisa, amevaa koti la Baba lililomzidi mabega, jani ameliinua kidogo mbele ya kifua. Mbuzi anakatwa, watu wanapiga vigelegele, MC anaropoka, na yeye amesimama tu. Kwaya ikaja, ikaondoka. Bado amesimama.

Najua mtajitetea kwa ile habari ya mistari myeusi. Picha ya siku hizi ni pana, TV ya Mama ni ya mraba, kwa hiyo ukiiweka picha yote unabaki weusi juu na chini, na watu wetu wakiuona weusi wanasema wamepunjwa. Mpiga video huikuza picha mpaka kioo kijae, na walioko pembeni wanapotea. Kwa hiyo nilimpigia huyo mpiga video, kijana wa watu, nikamfokea. Maskini, akaniambia, "Dada, aisee, mimi nilitaka kukata pande zote sawasawa. Mzee alikaa hapa hapa pembeni yangu ananiambia sogeza kushoto, sogeza tena, bado." Ulikaa ukaangalia ndugu yako anaondolewa kwenye picha kidogo kidogo, na ulipoona uso umetoka ukaridhika. Mkono hukuuona. Jani hukuliona. Nina hasira, Kaka, na sitaki uisome hii ukidhani natania.

Halafu kuna simu ya Shangazi Ndeshi. Hukuitazama, najua, maana ungeifuta. Ameishika wima, kwa hiyo haonekani mtu ila ninyi wawili, mlangoni mwa ukumbi. Godlisten anakunyooshea jani kwa mikono miwili, ameinama. Na sauti yako inasikika wazi kabisa: "Leo si siku yake. Toa hilo jani, unaniharibia sherehe." Ukampa mgongo. Ukaenda kupokea wakwe.

Mnagombania mpaka wa shamba tu, Kaka. Vichaka viwili vya kahawa na mgomba mmoja. Kwa hayo umemwacha Mama akatae salamu za mwanawe, akatae hata mchele anaomletea kutoka kwake Mabogini. Wiki ile ile aliyoniuliza habari za mkono aliniambia kwamba siku yake ikifika, Godlisten asirushe udongo kaburini. Mama yetu alisema hivyo, kwa kinywa chake, kwa sababu ya uongo wako kwamba hakuja! Angekufa nao. Na wewe ungesimama pale na suti yako ukipokea pole.

Nilimpigia Godlisten. Nilidhani atalia au atatukana. Akasema, "Dada, mimi nilipeleka. Nikasimama, nikasema labda akishakata mbuzi moyo utalainika." Basi. 

Sasa nisikilize. DVD mpya nimeitengeneza na picha yote imo, na mistari myeusi juu na chini. Nimebakiza hata nafasi pembeni, maana TV za chogo hula kingo, na sikutaka kioo kimle Godlisten baada yako. Video ya Shangazi nimeiweka vilevile, na sauti yako ndani yake. Kwaya sasa inaimba midomo ikifunguka, kama ulivyotaka.

Nimempa muuguzi mmoja wa Marangu anayekuja likizo. Nimemwambia DVD aifikishe kwanza Mwika, aiweke mikononi mwa Mama, na barua hii ndiyo aipitishe dukani kwako Moshi akirudi. Kwa hiyo usipande gari kukimbilia deki. Unaposoma hapa Mama ameshaona. Ukija Mwika Jumamosi atakuuliza tena ule mkono ni wa nani, na safari hii jibu analo.

Nisalimie Mama Neema, mwambie simlaumu kwa lolote. Nisalimie bibi harusi na mume wake, wamependeza sana, na Shangazi Ndeshi aliyeshika simu wima, Mungu ambariki kwa kutojua kuishika. Msalimie jirani fundi seremala aliyemtengenezea Mama gongo lake.

Za Godlisten zipeleke mwenyewe Mabogini. Usiende mikono mitupu. Masale yameota pale pale mpakani mnapogombania, kata jani moja. Yeye hatalikataa.

Mdogo wako, mwenye hasira na bado wako,
Anaeli