Sauti Yangu Darasani

Shangazi kipenzi,

Ndoa imenikubali, hata magauni yameanza kunibana. Mume wangu bado ananitazama kama siku ile ya harusi.

Ila tangu mwezi jana hana sauti. Koo limevimba, na daktari amemkataza kusema hata neno moja. Mwalimu mkuu wa shule anakofundisha jiografia akamwambia, "Mwalimu bubu atafundisha nini? Natafuta mwingine." Tukakosa raha.

Basi mume wangu akapata mtandaoni programu ya bure ya walimu. Unaweka picha za somo, unarekodi maelezo, darasa linasikiliza. Yeye akaandika, mimi nikasoma. Mimi, Shangazi, niliyefeli jiografia kidato cha nne.

Jana mwalimu mkuu aliingia ghafla, akakuta wanafunzi wametulia tuli, sauti yangu inaeleza mito, mume wangu anaonyesha kwa fimbo. Akauliza, "Huyu mwalimu ni nani?"

"Mke wa mwalimu," wakamjibu.

"Basi endeleeni." Hatafuti tena mwingine.

Daktari hajui sauti itarudi lini. Nimemwambia mume wangu aichukue hii yangu, mimi nyumbani nitanyamaza. Alicheka kimyakimya mpaka akatokwa machozi.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, mwenye bahati zake.